Vitu vya Kuchezea na Mafunzo ya Watoto Wadogo

Mwezi huu nataka kunena nanyi habari za vitu vidogo sana, yaani vitu vya kuchezea watoto: komwe, vifuu vya nazi, mpira wa matambara, mwana wa sesere wa gunzi. Labda mtu atasema, "Mwalimu amekosa neno la kuandika, hata anatuletea habari za kifuu?" Ndugu yangu, usicheke kwanza. Mimi nalicheka kabla yako, na mwanangu ndiye aliyepata hasara.

Mimi ni mwalimu wa dini katika kijiji kimoja cha Bonde, upande wa Tanga. Nalifunzwa katika shule ya misheni, na kazi yangu kwa miaka mingi ni kuwafundisha watu maswali na majibu hata wayashike kwa moyo. Basi mwanangu wa kwanza alipotimiza miaka 4 nalijiambia, "Haifai mtoto wa mwalimu aingie shule hali hajui kitu." Nikanunua ubao mdogo na chaki, na kila jioni, baada ya sala, nikamweka mbele yangu. Nikasema moja, naye akasema moja. Nikasema mbili, naye akasema mbili. Kabla ya mwaka kwisha aliweza kutaja hesabu tangu 1 hata 100 pasipo kukwama. Wageni walipokuja nalimwita asimame ahesabu, nao wakastaajabu, nami nikajiona baba mwenye akili.

Hata siku moja tulikuwa na wageni watatu. Nikamwambia mtoto, "Nenda jikoni kwa mama, utuletee vikombe vinne." Akaenda, akarudi na vikombe viwili. Nikamwambia, "Nimesema vinne." Akaenda tena, akarudi amekumbatia vikombe vyote alivyoviweza, na kimoja kikaanguka kikavunjika. Nikamwambia mbele ya wageni, "Haya, vihesabu vilivyobaki." Akaanza, "Moja, mbili, tatu, nne," na kidole chake kikapita juu ya vikombe kama mtu afukuzaye nzi. Kimoja alikihesabu mara mbili, kingine alikiruka, na vikombe sita vile vikawa 11. Nikamwuliza, "Basi ni vingapi?" Hakunijibu ni 11 wala ni sita, bali alianza tena, "Moja, mbili, tatu." Wageni wakatazama chini. Nami nikaona haya, na haya yangu ikageuka kuwa hasira, nikampiga.

Kesho yake nalimkuta nyuma ya nyumba amejitengenezea gari la mabua ya mtama, na magurudumu yake ni vifuniko vya chupa. Nikamwambia, "Vikombe huwezi kuvihesabu, nawe unacheza?" Nikalichukua gari lile nikalitia motoni. Hakulia. Afadhali angalilia. Tangu siku ile nikisema tu, "Lete ubao," alishikwa na tumbo, wala halikuwa tumbo la uongo, maana nalimwona jasho likimtoka katika paji la uso.

Nalidhani mtoto ni mvivu. Sasa najua ya kuwa nalimfundisha kama mtu amfundishavyo kasuku. Majina ya hesabu aliyajua yote, walakini hakujua mambo matatu ambayo ndiyo hesabu yenyewe. La kwanza, kila kitu hupata jina moja tu la hesabu. La pili, hapana kitu kirukwacho wala kirudiwacho. La tatu, jina la mwisho alitajalo ndilo jumla ya vitu vyote vilivyo mbele yake. Mambo haya mtoto hayapati kwa sikio peke yake. Yataka ashike kitu, akisogeze, akiweke mahali pake, kisha ashike kingine, hata mkono umfundishe moyo.

Aliyenionyesha haya ni mama yangu mzazi. Yeye alikuwa akikaa Pangani kwa ndugu yangu, naye alikuja kwetu kwa miezi mitatu, maana mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa tatu. Wakati huo mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka 5, na dada yake miaka 3. Katika mzigo wa Bibi mlikuwa na mfuko wa komwe, zile mbegu ngumu za rangi ya kijivu zitokazo katika mkomwe wa pwani, ambazo wazee huzitumia katika bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, na kete zake ni 64. Bibi hakuleta bao, alileta komwe tu. Akatandika mkeka barazani, akapanga vifuu vitatu, akawaita wale watoto wawili. Akawaambia, "Leo tuna karamu, na hawa ni wageni wetu. Haya, wapakulieni." Mtoto akatia komwe moja katika kifuu cha kwanza, na moja katika cha pili. Bibi akasema, "Na huyu wa mwisho je? Alale na njaa?" Wakacheka, wakampa na wa tatu. Wakaanza tena mzunguko wa pili, na wa tatu, hata komwe zikaisha. Ndipo Bibi akauliza polepole, kama mtu aulizaye jambo lisilo na maana, "Kila mgeni amepata ngapi?"

Mimi nalikuja nikawakuta, nikasema, "Mama, mtoto huyu ana masomo yake ya jioni."

Akanijibu, "Nami nimemzuia, baba? Ubao wako si ule pale." Kisha akanitazama, akasema, "Na wewe mwanangu, kabla hujaiona shule, nani alikufundisha kuhesabu? Nalikutuma uwatazame vifaranga waingiapo tunduni jioni, nawe ukaweka kijiwe kimoja kwa kila kifaranga. Siku kijiwe kilipobaki mkononi mwako ulikuja mbio kuniambia kwamba mwewe amemchukua mmoja. Nani alikushikia fimbo siku ile?"

Nikanyamaza. Nalikuwa nimesahau kabisa vijiwe vile. Na aliponikumbusha, nikauona tena ule wa mwisho katika kiganja changu.

Wiki nyingi hazikupita. Jioni moja Bibi alikuwa akitengeneza chai, akasema, "Sijui leo tu wangapi." Hakumwambia mtu. Mwanangu akaondoka mahali alipoketi, akapita mbele ya kila mmoja wetu, na kwa kila mtu akatoa komwe moja mfukoni akaishika. Akaingia jikoni. Akarudi na sinia, na juu yake vikombe vitano, na ndani ya kila kikombe komwe moja. Akaviweka chini, akasema, "Tu watano. Mtoto mchanga hanywi chai." Nikatoka nje, nikasimama mahali pale nilipolichoma gari lake, nikakaa huko mpaka chai yangu ikapoa.

Baada ya hayo nikaanza kusoma, nikaona ya kuwa wako watu waliolifikiri jambo hili tangu zamani. Mmoja ni Friedrich Fröbel, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1782, mwana wa mchungaji wa Kanisa. Mama yake alikufa yeye angali mchanga. Labda ndiyo sababu aliwahurumia watoto wadogo. Mwaka 1837 alianzisha nyumba ya mafunzo yao katika mji wa Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akaiita Kindergarten, maana yake bustani ya watoto. Vyombo vyake vya kufundishia vilikuwa vitu vya kuchezea, naye aliviita zawadi. Zawadi ya kwanza ni mipira sita ya sufu, kila mmoja na rangi yake. Ya pili ni vipande vya mti, kimoja cha mviringo kama chungwa, kimoja kama kipande cha mwanzi, na kimoja chenye pande sita zilizo sawa. Ya tatu ni kipande cha pande sita kilichokatwa kuwa vipande vidogo vinane, ambavyo mtoto huvitenganisha na kuvirudisha pamoja, hata akajua kwa mikono yake nusu ni nini na robo ni nini. Serikali ya Prussia ilizikataza bustani hizo mwaka 1851, na mwaka uliofuata Fröbel akafa. Katazo lile liliondolewa mwaka 1860, na kazi yake ikaenea nchi nyingi.

Wa pili ni Maria Montessori, mganga wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1870. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, huko Roma, kwa ajili ya watoto wa wafanya kazi maskini. Aliwapa vipande vya mti vya kutiwa katika matundu yanayolingana navyo, na vipande kumi vya kupangwa kuwa mnara, kikubwa chini na kidogo juu, na herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa ili mtoto azipapase kwa kidole kabla hajaziandika. Siku moja alimwona mtoto wa miaka kama 3 akivitoa vipande na kuvirudisha matunduni mwake. Akawaambia wengine waimbe na kutembea, mtoto asigeuke. Akaliinua kabisa kiti chake pamoja naye akakiweka juu ya meza, naye akavishika vipande vyake akaendelea. Alirudia kazi ile zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, amefurahi kama mtu aliyeamka usingizini. Hata hapa Tanzania viko vyuo vinavyowafunza walimu njia yake.

Niliposoma habari za mtoto yule nalimkumbuka mwanangu na gari lake la mabua. Yeye naye alikuwa katika kazi yake, walakini mimi sikujua ya kuwa ni kazi.

Sasa nitawaeleza vitu tutumiavyo nyumbani mwetu, ambavyo havina bei, au bei yake ni ndogo.

Kwanza, mpira wa matambara. Mtoto ashikapo, atupapo na adakapo, jicho na mkono hujifunza kwenda pamoja. Na mkono usioweza kufuata jicho utapata taabu siku ya kushika kalamu. Mketi chini, wewe na mtoto, mwuviringishe mpira polepole kutoka kwako kwenda kwake. Hata mtoto asiyejua kusema hujifunza hapo kungoja zamu yake, nalo ni fundisho ambalo watu wazima wengi wangali hawajalipata.

Pili, vifuu vya nazi. Tafuta vitano vya ukubwa mbalimbali, uvisugue visiwe na nyuzi. Mtoto avitie kimoja ndani ya kingine. Atakosea, na kifuu chenyewe kitamwambia ya kuwa amekosea, maana kikubwa hakiingii katika kidogo. Kisha mpe mchanga au maji. Atajua kifuu kidogo kijae mara ngapi ili kikubwa kijae. Wazee walisema, "Haba na haba hujaza kibaba," na mtoto huyu ataliona neno hilo kwa macho yake kabla hajaambiwa maana yake.

Tatu, vipande vya mbao. Seremala huvitupa. Mwombe, uvipige msasa visimchome mtoto, umpe. Atajenga nyumba, itaanguka, atajenga tena. Hujifunza juu na chini, nyuma na mbele, refu na fupi, nzito na nyepesi. Ukiketi karibu naye, yataje maneno hayo kwa lugha ya nyumbani, wala usione haya, kwa kuwa mtoto aliyeelewa neno kwa lugha ya mama yake hulipokea upesi katika lugha ya shule.

Nne, kutunga. Kata matete vipande virefu kama pingili ya kidole, umpe na uzi wa katani uliofungwa ncha moja. Avitunge kama shanga: vifupi viwili, kirefu kimoja, vifupi viwili, kirefu kimoja. Kazi hiyo huvipa nguvu vidole vitatu vile vile vitakavyoshika kalamu, tena humzoeza kutambua utaratibu na kuufuata.

Tano, komwe. Habari zake nimekwisha kuwaambia. Watoto wakiwa wakubwa kidogo waachieni wacheze mdako: kijiwe kimoja hurushwa juu, na kabla hakijaanguka mkono huchota vingine shimoni, kimoja kimoja, kisha viwili viwili, kisha vitatu vitatu. Kasichana kachezako mdako kila siku kamekwisha kuanza kujumlisha na kutoa, hata kama hakajasikia maneno hayo.

Sita, mwana wa sesere. Wengine hudhani hafundishi kitu. Siku moja msikilize mtoto asemapo naye, utasikia maneno yako mwenyewe. Mimi nalimsikia binti yangu akimwambia mwana wake wa gunzi, "Hujui? Hujui? Basi usile." Nikajua alikoyapata. Lakini tazama pia jinsi amfungavyo nguo, amwoshavyo, ambembelezavyo asilale na homa; kwa gunzi lile mtoto hujifunza kusema habari ndefu, na kumfikiria mwingine kuwa ana njaa na uchungu kama yeye.

Saba, mchanga. Tandaza mchanga laini katika sinia, umwonyeshe herufi moja kwa kidole, umwache aiige. Akikosea, hutikisa sinia na kosa limekwisha, wala hapana alama nyekundu.

Basi nina maonyo machache. La kwanza ni la hatari. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hutia kila kitu kinywani, kwa hiyo asipewe komwe, wala shanga, wala vifuniko vya chupa, maana vyaweza kumkaba. Mpe vitu vikubwa visivyoingia kinywani. Wala msichukue mbegu msizozijua. Mbegu za mnyonyo ni sumu, na zile ndogo nyekundu zenye jicho jeusi ni sumu kali, ijapokuwa ni nzuri machoni. Na maji, hata ya beseni, mtoto asichezee peke yake.

La pili, msitoe vitu vyote kwa siku moja. Vikiwa vingi mtoto hurukaruka kama panzi. Toa kimoja au viwili, vingine vifichwe. Baada ya wiki uvibadili, naye atavipokea kama vipya.

La tatu, na hili ndilo gumu kwetu sisi walimu: usimfanyie, wala usimfanyie mtihani. Aonapo taabu kukitia kifuu, mikono yetu yawasha tumsaidie. Tungoje kidogo. Na amalizapo, tusimrukie na maswali, "Hii nini? Ngapi? Rangi gani?" Swali moja la upole latosha, nalo liwe la kweli, kama lile la Bibi la chai, ambaye kweli alitaka kujua vikombe vingapi.

La nne ni la vitu vya kununua. Maduka yamejaa vitu vya plastiki vyenye taa na sauti. Sisemi ni vibaya, lakini kitu kikifanya kazi yote chenyewe, mtoto hubaki mtazamaji. Na simu ndiyo zaidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni, na wa miaka 2 hata 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni afadhali. Najua mama aliyechoka humpa mtoto simu apate kupika. Mpe na vifuu siku moja, uone.

Nanyi akina baba, msiseme hii ni kazi ya wanawake. Keti mkekani. Suruali hufuliwa.

Labda mwataka kujua habari za mwanangu. Sasa ana miaka 13. Hesabu anaiweza, si vibaya. Hata hivyo, nikimwuliza jambo la hesabu kwa ghafula, humeza mate kwanza, nami nikaona yale niliyoyapanda. Mwaka jana nalimwomba radhi kwa habari ya gari lile. Akasema, "Nimesahau, Baba." Sikumwamini, wala sikumsumbua.

Mwezi uliopita nalimkuta nyuma ya nyumba anamtengenezea mdogo wake gari la waya. Alikuwa amekata kipande cha uzi, akikizungusha katika gurudumu moja, kisha katika la pili, la tatu na la nne, apate kujua kama yote yanalingana. La tatu lilizidi kidogo. Akalikunjua, akaanza upya. Nami nilikuwa na maswali mengi ya kumwuliza habari za mviringo na kipimo chake. Nikayameza yote. Nikachukua koleo, nikaketi chini karibu naye, nikamwambia, "Nikushikie wapi?"

Akanionyesha mahali pa kushika.

Wasalaam. Ni mimi ndugu yenu,
Mwalimu wa Bonde